Hii Mikono ni ya Nani?

Bunia nzima inamwita Papa Foto, na jina alilopewa na wazazi wake sina haja nalo hapa. Kama ulipigwa picha katika mji huu kabla simu hazijaota kamera, basi aliwahi kukushika kidevu. Anakishika kwa vidole viwili, anakigeuza kidogo kushoto kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, anarudi nyuma na kusema, "Tulia, uzuri inakuja." Mimi nilishikwa kidevu hivyo nikiwa na pengo la meno ya mbele, mwaka ambao wazazi wangu walihamia hapa kutoka Butembo na duka lao la sabuni na vitambaa. Picha iko ukutani kwa mama mpaka leo. Nimenuna kama mtoto aliyenyimwa mboga.

Miaka mingi baadaye tulikutana tena hospitalini, yeye akiwa fundi wa chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa, mimi injenia wa kompyuta za chumba hicho. Tumegombana humo ndani kuliko nilivyowahi kugombana na ndugu zangu wa tumbo moja. Nampenda mzee huyu, na mwaka huu alinitia hofu kubwa. Mkono wake wa kuume ulianza kutikisika. Daktari akataka kuona ndani ya kichwa chake kuna nini, na yeye, aliyewaingiza watu wa jimbo zima la Ituri kwenye mashine ile, akakataa kuingia kwa njia pekee ambayo ingemfaa. Lakini nikianza na hapo mtamwona mgonjwa, na yeye hapendi kuonekana kabla hajafunga tai.

Tai ndiyo ya kwanza. Sijawahi kumwona bila tai, hata siku bomba la maji lilipopasuka tukawa tunachota maji kwa ndoo kutoka chumba cha mashine. Kwake picha ni picha, iwe ya uso au ya ubongo, na mtu hapigwi picha akiwa ovyo. Hapo ndipo balaa ya wiki zetu za mwanzo ilipotokea. Mashine ilipofika, yeye alipewa kazi ya kuwapigia wagonjwa simu. Angeweza kuwaambia waje kupimwa. Yeye aliwaambia, "Kesho ni picha, mufike mapema." Na katika mji wetu, ukipigiwa simu na Papa Foto ukaambiwa kesho ni picha, unaelewa jambo moja tu.

Walikuja wamependeza kama siku ya ubatizo. Walikuja na manukato, na poda, na viatu vipya vinavyobana. Mama mmoja aliyekuwa akiumwa kichwa alishuka kutoka Kpandroma na ukoo mzima, wote wameshonesha kitenge cha aina moja, wamebeba na gunia la viazi la kumshukuru mpiga picha. Mwenyewe alikuwa ametengenezwa nywele kwa pini za chuma nyingi ajabu, na pini za chuma ni kitu cha mwisho unachotaka kukisogeza karibu na sumaku.

"Papa Foto, siye bote tutaingia wapi?" aliuliza kaka yake mkubwa, akikiangalia kitanda kimoja chembamba.

"Ataingia mumoja. Ule mwenye kichwa inamuuma."

"Na siye tulishonesha nguo bure?"

Papa Foto aliwatazama, akatazama vile vitenge, na nikaona amelemewa. Alikwenda kabatini akatoa kamera yake ya zamani, akawapanga wote nje kando ya ukuta wa hospitali, warefu nyuma, mgonjwa katikati, akawashika videvu mmoja mmoja. Ndipo akamrudisha mama ndani na kuanza kumtoa pini. Foleni ilikuwa imefika getini, daktari anapiga meza. Mwishowe kichwa cha mama kilionekana hakina neno. Picha ya nje ndiyo ilitoka na kasoro, kaka mkubwa amefumba macho.

Baada ya hapo niliandika tangazo kubwa mlangoni kwamba chuma ni marufuku. Tangazo hilo likatuletea mgonjwa wa namna nyingine. Alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu kutoka upande wa Mambasa, mtu mnene, mwenye malalamiko ya kichwa ambayo hayakueleweka yalianza lini wala yanauma upande gani. Papa Foto alimlaza, akamfunika shuka, akamwambia atulie. Yule bwana akawa anapenyeza mkono chini ya shuka pole pole, kuelekea kwenye mashine. Mkononi alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa. Alikuwa amenunua dhahabu ya unga kwa mtu asiyemwamini, akasikia hospitali kuna sumaku ya kizungu, akaona aje kuihakikisha kwa siri, maana dhahabu ya kweli haivutwi na sumaku. Alipofungua kikaratasi, zaidi ya nusu ya unga uliruka na kushika kwenye mashine kama ndevu.

"Aaah! Bameniua!" alipiga kelele.

"Tulia," alisema Papa Foto kwa mazoea.

"Nitulie namna gani, papa? Angalia feza yangu iko inapanda ukuta!"

Tulitumia mchana wote kuibandua ile "dhahabu" kwa utepe wa gundi. Papa Foto alinishangaza siku ile, kwa sababu hakumfukuza. Alimpa kiti na chai yenye sukari nyingi, akamwambia kwamba sasa angalau ana sababu ya kuumwa kichwa na akitaka tunaweza kumpiga picha ya kweli.

Sasa niseme amefikaje kwetu, maana hakusomea hospitali. Studio yake ya Boulevard, barabara kuu ya mji, iliuawa na simu. Watu wakaanza kujipiga wenyewe, na vibaya, jambo lililomuuma kuliko kukosa wateja. Hospitali ikamchukua kwa sababu idara ya X-ray ilihitaji mtu wa kusafisha filamu kwenye chumba cha giza, na katika mji hakuna aliyezijua dawa zile kama yeye. Aliishi gizani kwa furaha miaka kadhaa. Kisha X-ray ikawa ya kompyuta, filamu zikaisha, chumba cha giza kikawa stoo ya magongo. Wakamfundisha MRI. Ndiyo maana nilipoingia na programu yangu kwenye kompyuta ndogo, alinitazama kama mtu aliyezoea kuhamishwa.

"Simu ilinitosha mu studio," aliniambia. "Ordinateur ikanitosha mu chumba ya giza. Sasa weye, mutoto mwenye nilikupiga foto bila meno, unakuja kunitosha wapi?"

Sikuwa nimekuja kumtosha, yaani kumtoa, popote. Nieleze kwa ufupi. Mashine ya MRI haipigi picha kwa mpigo mmoja kama kamera. Inakiuliza kichwa chako maswali madogo madogo mengi sana, na kila jibu lina sehemu ndogo tu ya picha nzima. Ukitaka picha kali, inayoonyesha hata vitu vidogo, maswali yawe mengi, na yakiwa mengi mgonjwa alale sana. Akitikisika katikati, majibu yanavurugika na picha inatoka kama kioo kilichopumuliwa. Mashine yetu ni ndogo, ya magurudumu, inachomekwa ukutani kama friji. Mgonjwa anaingiza kichwa tu, mwili unabaki nje. Sumaku yake ni nyepesi, kwa hiyo inauliza polepole zaidi kuliko zile kubwa za ng'ambo. Tena umeme wetu mnaujua, na jenereta ina tabia zake.

Kwa hiyo hospitali ilitegemea kipaji kimoja, nacho kilikuwa cha Papa Foto. Yeye aliweza kumtuliza mtu yeyote. Madereva wa pikipiki, ambao ndio wateja wetu wakubwa kwa sababu ya ajali, aliwaambia, "Fikiria uko mbele ya polisi wa barabara, na hauna papier hata moja ya pikipiki." Walikauka palepale. Wamama wa soko aliwaambia kuna trei ya mayai juu ya matumbo yao. Mchungaji mmoja alikuwa akipunga mikono hata akilala. Huyo aliambiwa asali kimoyomoyo kwa muda wote, na kwamba akifumbua mdomo maombi yanaanza upya. Nilimwona mchungaji huyo akitoka amelowa jasho, akisema hajawahi kuomba hivyo tangu aokoke.

Watoto ndio waliomshinda, na wagonjwa wa maumivu makali, na wale wanaotetemeka. Hao tuliwarudisha nyumbani bila picha, na kila tulipomrudisha mmoja, Papa Foto alikataa kula mchana. Ni kwa ajili yao nikaileta programu. Naiita yangu ingawa ilizaliwa mbali, mimi niliilea tu. Ilikuwa imeonyeshwa picha nyingi za vichwa zilizokamilika, pamoja na majibu ya mashine yaliyozaa picha hizo, hadi ikajifunza jinsi majibu yanavyogeuka kuwa picha. Ukiipa sehemu tu ya majibu, inajenga picha nzima, kali, kabla hujamaliza kufunga kamba za kiatu. Muda wa mgonjwa kulala ukawa kama wa kusikiliza wimbo mmoja. Nilimwonyesha nikiwa na majivuno yangu yote. Aliitazama picha, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Hii yenye haikuuliza," alisema, "ilijua namna gani?"

"Inakadiria, Papa. Imeona vichwa vingi."

"Ya bantu wengine."

"Ndiyo, ya watu wengine."

"Hii mikono ni ya nani?"

Nilidhani amechoka. Kwenye skrini hapakuwa na mkono wowote, palikuwa na ubongo wa dereva wa pikipiki. Basi akanisimulia kisa ambacho baadaye alinisimulia tena kila wiki. Zamani za studio, alisema, bwana harusi mmoja hakuonekana hata katika picha moja ya harusi yake, kwa sababu alikuwa Mambasa na mbao zake, akachelewa njiani, akafika wageni wameshakwenda. Bibi harusi akalia. Papa Foto akachukua kichwa cha yule bwana kutoka picha ya kitambulisho, akakikata kwa wembe, akakibandika juu ya mwili wa mdogo wake aliyesimama karibu na bibi harusi, akapaka rangi kwenye shingo, akapiga upya. Hakuna aliyegundua. Bwana harusi mwenyewe alitazama akajiona yupo, anatabasamu, ameshika mkono wa mke wake. Ni nyanya yake tu, kikongwe asiyeona vizuri, aliyeinamia ile picha na kuuliza, "Hii mikono ni ya nani?"

"Nilijaza," Papa Foto alisema. "Na nilijaza bien, muzuri kabisa. Lakini mikono haikuwa yake. Ule muzee mwanamuke alikufa na ile swali, na mi nimebaki nayo."

Kuanzia hapo kila picha ya haraka iliyotoka, yeye anasogea nyuma ya kiti changu na kuuliza mikono ni ya nani. Aliniuliza mbele ya daktari. Aliniuliza kwenye mazishi ya jirani. Tulipoanza majaribio, kila mgonjwa aliyekubali alipigwa picha mbili, ya polepole na ya haraka, na daktari anazisoma bila kuambiwa ipi ni ipi. Papa Foto alikaa pembeni na uso wa refa. Siku moja alipaza sauti kwamba programu imebuni mstari mwembamba kwenye kichwa cha mama muuza samaki. Tukaiangalia upya ile ya polepole, na mstari ulikuwepo humo pia. Papa Foto akaenda kunyoosha mapazia ambayo hayakuwa yamepinda. Siku nyingine ilikuwa zamu yangu kuaibika. Picha ya polepole ya kijana wa pikipiki ilikuwa na doa dogo, na ya haraka ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, kwa sababu programu ilidhani doa ni uchafu. Lilikuwa damu. Kijana alitibiwa, lakini mimi siku ile nilikaa kwenye ngazi nikiwa sina hamu ya kitu, na Papa Foto alikuja akakaa karibu yangu bila kuniuliza swali lake. Hilo niliona ni upendo.

Kwa hiyo nilirudi kuilea upya programu kwa picha za hapa kwetu, na nikaongeza dirisha la pili kwenye skrini. Naipa programu kazi ileile mara kadhaa, kila mara naificha majibu tofauti. Mahali picha inapotoka vilevile, dirisha linabaki jeusi. Mahali inapobadilikabadilika, yaani inapobahatisha, panawaka rangi nyekundu, na daktari anajua aombe ya polepole. Kwenye makaratasi dirisha hilo lina jina refu la Kifaransa. Hospitalini linaitwa Mikono. "Nionyeshe Mikono," daktari anasema, na hakuna anayecheka tena.

Mngedhani baada ya hapo aliikubali. Aliikubali kwa wageni tu. Wakija wakubwa kutoka Kinshasa, Papa Foto hunisukuma kando na kueleza, mkono mmoja kwenye tai: "Siye hapa tulifundisha mashine hii. Ilikuwa haijui kitu." Wakishatoka nje anazima kompyuta yangu kwa sababu inakula umeme. Ndivyo alivyo. Anachukia simu na anazo mbili. Anasema picha haifai kudanganya, na nywele zake amezipaka rangi nyeusi tangu nimjue. Anawaamrisha watu watulie, na yeye mwenyewe hajawahi kutulia. Anaongea kwa mikono, anakunja shuka lililokunjwa, anarekebisha kola za watu asiowajua kwenye foleni ya benki.

Labda ndiyo sababu tulichelewa kuona. Mikono yake siku zote ilikuwa haitulii, basi tukadhani ni yeye tu. Kisha nikaona anaweka mkono wa kuume mfukoni wakati wa kuongea, jambo lisilo lake. Kikombe cha chai akawa anakishika kwa mikono miwili. Asubuhi moja alifika tai imefungwa vibaya, upande mmoja ukining'inia hadi gotini, na hapo hakuna aliyethubutu kucheka. Daktari alimwita, akamchunguza, akasema inaweza kuwa ule ugonjwa wa kutetemeka unaokuja na umri, ambao una vidonge vyake. Inaweza pia kuwa kuna kitu kinaota kichwani, uvimbe, na hicho hakingoji. Lazima picha.

Papa Foto alijua kitu kinachoota kinavyoonekana. Ameviona vingi kwenye skrini yetu kabla ya jamaa za mgonjwa kujua, na ni yeye aliyekuwa akiwapa viti. Aliogopa. Lakini alikubali ya polepole peke yake. "Sitaki kichwa yangu ijazwe na ya bantu," alisema. Akavaa suti, akalala, akajiambia mwenyewe atulie. Fundi aliyewakausha madereva wote wa Bunia hakuweza kujikausha. Mkono ulitikisa bega, bega likatikisa kichwa, na picha ikatoka ukungu mtupu. Tulijaribu siku nyingine, na nyingine tena. Alijaribu mayai tumboni, alijaribu polisi, alijaribu sala. Mara ya mwisho alikaa kitandani akiitazama ile picha mbovu, akasema katika maisha yake hajawahi kumpa mteja kitu kama hiki. Kisha akaenda nyumbani na hakurudi kazini.

Nilimfuata nyumbani kwake siku ya Jumapili, baada ya ibada. Mkewe, ambaye mji mzima unamwita Mama Foto, alinikaribisha sebuleni na kunipa kiti mbele ya picha kubwa ya harusi yao, yenye fremu ya dhahabu. Mzee alikuwa chumbani, amegoma kutoka. Nikaanza kumweleza mama kwa nini mumewe anakataa, nikafika kwenye kisa cha bwana harusi wa Mambasa na mbao zake. Mama Foto akaweka kikombe chini.

"Bwana harusi gani wa Mambasa?"

"Yule aliyekosekana kwenye picha, mama. Akabandikwa kichwa."

"Weh! Huyu muzee!" Alipiga makofi, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikateleza. "Hakuna muntu wa Mambasa. Ni yeye! Siku ya ndoa yetu alikataa photographe mwingine. Alisema mu Bunia hakuna mwenye kujua kazi. Akapiga foto ya ndoa yake yeye mwenyewe, kutoka asubui mpaka mangaribi, na mi nasimama peke yangu kama mujane. Kisha akajibandika. Angalia vizuri. Ile mikono ni ya petit frère wake."

Niliinuka nikaangalia. Kichwa kilikuwa cha Papa Foto kijana, kimejaa furaha. Mikono iliyoushika mkono wa Mama Foto ilikuwa ya mdogo wake, mipana, ya mtu wa kubeba mizigo. Yake ni myembamba, ya vidole virefu. Nilikuwa nimeipita picha ile mara nyingi na sikuona.

Mama Foto alikuwa ameshafika mlango wa chumba, haongei nami tena.

"Weye! Unanisikia? Ulinijazia bwana na mikono ya bantu, nikanyamaza, nikakuzalia batoto. Leo unaogopa kujaziwa kidogo mu kichwa? Vaa viatu!"

Kisha tukasikia kabati linafunguliwa, na sauti ya mzee ikauliza tai ya buluu iko wapi.

Asubuhi iliyofuata walifika pamoja. Mama Foto alikuwa ametoa pini zote nyumbani. Kwa kuwa mwili unabaki nje ya mashine yetu, nilimwekea kiti kando ya kitanda, naye akaushika ule mkono wa kuume kwa mikono yake miwili na kuukandamiza mapajani. Ukapungua, lakini haukukoma. Nilikishika kidevu cha mzee kwa vidole viwili, nikakigeuza kidogo kushoto. Macho yetu yakakutana.

"Tulia, Papa," nilisema. "Uzuri inakuja."

"Usinifundishe kazi," alijibu kutoka ndani ya mashine. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilibonyeza. Mashine ikaanza kugonga, na nikagundua nimeanza kusali, mdomo umefungwa, kama yule mchungaji. Muda wa wimbo mmoja ukapita. Programu ikapokea majibu machache iliyopewa, na picha ikajengeka mbele yangu, kali, kila kunjo mahali pake. Kabla sijasema chochote mzee alikuwa ameshaketi.

"Nionyeshe Mikono."

Nilifungua dirisha la pili. Lilikuwa jeusi karibu lote, na wekundu kidogo pembeni, upande wa fuvu, mahali pasipo na shida. Daktari aliinama akaangalia la kwanza, akaangalia la pili, akarudi la kwanza.

"Hakuna kitu inaota, Papa," alisema. "Ni ile ya kutetemeka. Tutaanza vidonge leo."

Nililia bila aibu. Mama Foto alisema asante kwa Mungu mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Papa Foto alikuwa bado anaitazama skrini, anatafuta kosa. Alipolikosa, aliangalia chini, akauona mkono wake ukitikisika ndani ya mikono ya mkewe, akaanza kuuvuta ili aurudishe mfukoni.

Mama Foto hakuuachilia. "Hii mikono ni ya nani?" alimuuliza.

Mzee akauacha mkono pale ulipo.

Ndipo akaniambia nitoe simu, ile simu anayoichukia, niwapige picha, hapohapo, wakiwa wameketi kitandani. Alinielekeza nisimame wapi, akalalamikia mwanga, akamrekebisha mkewe kidevu kwa mkono wa kushoto. Nikapiga. Nyuso zilitoka safi kabisa. Mikono tu, pale iliposhikana, ilitoka na ukungu. Nilimwambia simu ina programu ya kusafisha, ni kugusa mara moja tu, na nikanyoosha kidole.

"Usiguse pale," alisema. "Pale penye inatikisika ndiyo mimi."

Nikaichapisha kubwa, kama ilivyo. Sasa imetundikwa sebuleni kwao katika ile fremu ya dhahabu. Picha ya zamani Mama Foto ameisukuma chini ya kitanda, na ukimuuliza anasema itakaa huko mpaka shemeji yake aje kuchukua mikono yake.